Sharps ya 1874 kwa Oda: Kilichobadilika Kati ya Fomu ya Kwanza na ya Pili

Fomu ya kwanza ilijazwa hivi: bunduki aina ya Sharps, modeli ya 1874, mtutu mzito wa pembe nane, urefu inchi 34, chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi) ya .45-110, kitako kilichonyooka chenye bamba la chuma lililopinda kama hilali, vifyatulio viwili, kilengeo cha ngazi kilichokaa juu ya mtutu, mbao ya daraja la juu kabisa, na mwishoni mwa mbao ya mbele, pua ndogo ya aloi ya bati. Fomu ya pili, ambayo ndiyo iliyotengenezewa bunduki, ilibakiza modeli, vifyatulio na ile pua ya bati. Mengine yote yalibadilika, na hakuna fundi aliyemlazimisha mnunuzi.

Mnunuzi ni Mtanzania, dereva wa malori ya masafa marefu, mkazi wa kudumu wa jimbo la Colorado. Amekulia upande wa Tabora, ambako babu yake alikuwa na gobore la kuwindia, kwa hiyo harufu ya baruti nyeusi na kazi ya kuosha mtutu kwa maji ya moto si mambo aliyoanza kuyaona Marekani. Kilichomtuma kwenye Sharps ni filamu ya 1990 ya Mmarekani mlenga shabaha aliyevuka bahari hadi Australia. Bunduki ya kwenye filamu hiyo ilikuwa nakala mpya ya .45-110 yenye mtutu wa inchi 34. Ukiirudia fomu ya kwanza utaona kwamba mtu aliinakili filamu, ila akaongeza mbao nzuri.

Mimi niliingia pale aliponiletea fomu niipitie kabla ya kutuma arubuni. Swali langu lilikuwa moja.

"Kaka, hii utaipigia wapi?"

"Raton, New Mexico. Kwenye mashindano ya kupiga sanamu za chuma."

"Umeshasoma kanuni za uzito?"

Hakuwa amezisoma. Nitafika huko, lakini kwanza niieleze bunduki yenyewe kwa asiyeijua.

Christian Sharps alipata hataza yake Marekani mwaka 1848. Wazo lake lilikuwa jepesi na imara: nyuma ya mtutu kuna kizibo cha chuma kinachopanda na kushuka wima ndani ya fremu nene. Ukisukuma wenzo ulio chini, kizibo kinashuka, unaingiza risasi kwa nyuma, unarudisha wenzo, kizibo kinapanda na kufunga. Risasi ni moja tu, basi. Kwa aliyezoea gobore, tofauti kubwa ni kwamba huna haja ya kushindilia kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu. Modeli inayoitwa ya 1874 ilianza kutengenezwa miaka michache kabla ya mwaka huo, kiwanda kikiwa Hartford, Connecticut. Mwaka 1876 kikahamia Bridgeport, na kufikia 1881 shughuli zake zilikuwa zimekwisha. Bunduki chache ziliishi muda mfupi hivyo na kuacha jina kubwa hivyo.

Jina hilo lilitoka sehemu mbili. Ya kwanza ni wawindaji wa ngozi za nyati wa Marekani kwenye nyanda za magharibi katika miaka ya 1870. Wauzaji wa kumbukumbu hupenda kuisimulia sehemu hii kwa fahari. Mimi huisoma nikiwa nimekunja uso, kwa sababu wanyama waliokuwa mamilioni walifikia kiasi cha elfu moja tu mwishoni mwa miaka ya 1880, na watu wa asili wa nyanda zile wakapoteza chakula, mavazi na maskani kwa pamoja. Sehemu ya pili ni ya viwanja vya shabaha. Septemba 1874 huko Creedmoor, Long Island, timu ya Marekani iliyotumia Sharps na Remington ilishindana na Waayalandi kwa yadi 800, 900 na 1,000. Wamarekani walishinda kwa alama 934 dhidi ya 931. Waayalandi walikuwa bado wanapakia kupitia mdomo wa mtutu. Urithi huu wa pili ndio mnunuzi wetu aliokuwa anautaka, hata kama macho yake yalikuwa kwenye filamu.

Leo bunduki hizi hutengenezwa upya. Mji mdogo wa Big Timber, Montana, una watengenezaji wawili wenye jina, Shiloh na C. Sharps Arms. Italia, katika bonde la Gardone Val Trompia lililojaa mafundi wa bunduki, kuna Davide Pedersoli, kampuni iliyoanza 1957. Za Italia kwa kawaida huuzwa zikiwa tayari, kwa bei nafuu zaidi. Za kutengenezwa kwa oda huko Marekani hutaka subira ya miezi mingi, na si ajabu ikapita mwaka. Mnunuzi wetu alichagua karakana ya Marekani. Sitaitaja, maana kisa hiki kinamhusu mteja zaidi kuliko karakana.

Sasa turudi kwenye uzito. Katika mashindano ya sanamu za chuma kwa bunduki za baruti nyeusi, yanayosimamiwa na NRA, chama cha bunduki cha Marekani, bunduki ya vilengeo vya chuma haitakiwi kuzidi ratili 12 na aunsi 2, ambazo ni kama kilo 5.5, na vilengeo vikiwa vimefungwa. Sanamu ni nne: kuku mita 200, nguruwe mita 300, bata mzinga mita 385, na kondoo dume mita 500. Kuku hupigwa umesimama, bila kuegemea chochote. Waliobaki hupigwa ukiwa umelala au umekaa, mtutu ukiegemea fimbo mbili zilizopishana.

Mtutu mzito wa pembe nane wa inchi 34 hauingii ndani ya kikomo hicho. Bunduki ya namna hiyo ikishavaa vilengeo inapita mstari, na ikishapita hakuna mazungumzo, unarudi nyumbani. Hapa kuna jambo ambalo wengi hudhani kinyume. Kwa mtutu wenye upana uleule kwa nje, tundu dogo huongeza uzito, kwa sababu chuma kinachobaki ni kingi. Kwa hiyo mtu anayesema "basi nitachukua tundu la .40 ili iwe nyepesi" atashangaa mizani ikisoma zaidi ya .45. Njia ya kupunguza ni kufupisha mtutu, au kuuchonga uwe mwembamba kadiri unavyoelekea mbele, au kuagiza mtutu wa pembe nane nusu ya nyuma na wa mviringo nusu ya mbele.

Mnunuzi hakukubali haraka. Alisema inchi 34 humpa umbali mrefu kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele, na umbali huo hupunguza makosa ya jicho. Ni kweli, mradi kilengeo cha nyuma kimekaa juu ya mtutu. Lakini washindani hawatumii kile cha ngazi. Wanatumia kilengeo kirefu kinachosimama kwenye ulimi wa chuma nyuma ya nyundo, pale shingo ya kitako inapoanzia, karibu kabisa na jicho. Unachungulia katika tundu dogo, na skrubu yenye vipimo vidogo sana hupandisha tundu hilo kulingana na umbali wa sanamu. Kilengeo kikikaa pale, umbali kati ya nyuma na mbele tayari ni mrefu hata kwa mtutu wa inchi 30. Inchi nne za ziada zilikuwa zinalipiwa ili kuleta kitu ambacho kilengeo sahihi hukileta chenyewe.

Hoja iliyomgeuza ilikuwa uchafu wa baruti. Baruti nyeusi ni shura asilimia 75, makaa 15 na kiberiti 10, na inapoungua zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama masizi na chumvi ngumu badala ya kuwa gesi. Masizi hayo hupaka kuta za mtutu. Hewa ikiwa na unyevu, hubaki laini na risasi inayofuata huyasukuma. Hewa ikiwa kavu, na majira ya joto Raton, New Mexico, huwa makavu kwelikweli, hukauka na kuwa gamba, hasa inchi za mwisho karibu na mdomo. Gamba likianza, risasi ya madini laini hukwaruzwa, na shabaha hutawanyika kama kwamba mtu amelogwa. Ndiyo maana utawaona washindani wakiingiza bomba dogo nyuma ya mtutu baada ya kila risasi na kupuliza pumzi zao za moto ndani, taratibu, mara kadhaa. Mvuke wa pumzi hulainisha gamba. Wengine hupitisha kitambaa chenye maji badala yake. Mtutu mrefu zaidi na baruti nyingi zaidi vina maana ya pumzi nyingi zaidi, na saa ya mashindano haikusubiri.

Neno "baruti nyingi zaidi" ndilo lililotufikisha kwenye chemba, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Katika majina ya risasi hizi, namba ya kwanza ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za inchi, na ya pili ni baruti iliyojazwa zamani, kwa greni. Greni 7,000 hufanya ratili moja. .45-70 ilikuwa risasi ya jeshi la Marekani kuanzia 1873, na ganda lake lina urefu wa inchi 2.1. .45-90 ina ganda la inchi 2.4. .45-110 ina ganda la inchi 2 na 7/8. Maganda ya siku hizi ni mazito kidogo kwa ndani, na baruti hushindiliwa, hivyo .45-70 hupokea kama greni 65 na .45-110 karibu 100. Piga hesabu: ratili moja ya baruti inakupa risasi zaidi ya 100 kwa ile ndogo, na 70 kwa ile kubwa. Mtu anayetaka kufanya mazoezi kila wikendi ataiona tofauti hiyo kwenye mfuko wake kabla hajaiona kwenye shabaha.

Na faida yake? Kasi zaidi, ndiyo. Kwa yadi 1,000 kasi hiyo ina kazi, na wapo wanaolenga mbali hivyo ambao huchagua maganda marefu kwa sababu nzuri. Lakini kondoo dume wa mwisho yuko mita 500. Risasi ya greni 500 na kitu inayotoka kwenye .45-70 inafika pale na kumwangusha. Ganda la .45-70 linapatikana kwa urahisi Marekani, wakati la .45-110 huagizwa. Zana za kujazia risasi za .45-70 hata ukizitaka za mtumba utazipata. Halafu kuna bega. Mtu anayepiga risasi za kupangia kilengeo na kisha za mashindano, siku nzima, akiwa amelala kifudifudi, hupokea kila teke moja kwa moja kwenye mfupa, kwa sababu mwili uliolala hauna pa kurudi nyuma.

"Lakini ya kwenye filamu ni mia na kumi," alisema.

"Yule analipwa kwa risasi tatu, kaka. Wewe utapiga mia kabla ya jioni."

Alicheka, akakata namba kwenye fomu, akaandika .45-70. Fundi wa karakana alipopigiwa simu aliongeza jambo ambalo sikulitaja: chemba fupi inaweza kurefushwa baadaye na fundi, ndefu haiwezi kufupishwa bila kuugusa mtutu wenyewe. Kwa hiyo anayesitasita kati ya mbili aanze na fupi. Huo ni ushauri wa mtu aliyewaona wateja wengi wakirudi.

Mifereji ya ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi, haikuleta ubishi. Karakana hupendekeza mzunguko mmoja kila inchi 18, unaoshika vizuri makombora marefu (vichwa vya risasi vinavyoruka) ya greni 500 hadi 540. Bunduki za zamani za jeshi zilizunguka polepole zaidi, mara moja kila inchi 22, kwa kuwa risasi zake zilianza na uzito wa greni 405. Anayeagiza nakala ya kihistoria kabisa anaweza kudai ule wa zamani. Kwa mashindano, hapana.

Kitako kilihitaji maneno machache ila makali. Bamba lililopinda lina pembe mbili za chuma, na liliundwa kwa mtu aliyesimama, akilipachika kwenye mkono karibu na kiungo cha bega. Ukilala nalo, pembe ya chini inachimba. Bamba pana na bapa, kama la bunduki ya marisau, husambaza teke. Lilibadilishwa bila huruma. Shingo iliyonyooka nayo ikapewa mshiko wa mkono unaoteremka, kwa sababu mkono wa aliyelala hukaa vizuri zaidi hivyo. Urefu kutoka kifyatulio hadi bamba uliongezwa kidogo kuliko ule wa kawaida, kwa kuwa mnunuzi ni mrefu. Hili lina bei yake siku ya kuuza, maana bunduki iliyokatwa kwa kimo cha mtu mmoja hupata wateja wachache. Aliambiwa, akasema hauzi.

Mbao ya daraja la juu ilishuka daraja. Si kwa ajili ya fedha peke yake. Mbao ya mti wa jozi nyeusi yenye mawimbi mengi hupendeza macho, lakini mawimbi hayo yakiangukia shingoni, pale kitako kilipo chembamba na teke linapopita, mbao inaweza kupasuka. Aliomba nyuzi zinyooke shingoni na mapambo, kama yapo, yawe nyuma. Ni ombi linaloeleweka na kila fundi mbao kutoka Lamu hadi Montana.

Vifyatulio viwili vilibaki. Cha nyuma unakivuta kwanza ili kutega, kisha cha mbele kinahitaji mguso tu. Kwa kuku wa mita 200, ambapo mtu amesimama na mtutu unacheza, mguso mwepesi ni rafiki. Ila usitege kabla bunduki haijaelekea kwenye shabaha, na ukiahirisha kupiga, itegue kwanza.

Sheria niipitie, maana wasomaji wetu walioko Marekani huniuliza. Bunduki hii, hata kama umbo lake ni la karne ya 19, ni mpya na inatumia risasi ya kisasa yenye fataki katikati ya tako la ganda. Kwa sheria ya taifa ya 1968 ni silaha kamili. Karakana haikutumii nyumbani ukiwa jimbo jingine. Inaituma kwa muuzaji mwenye leseni wa jimboni kwako, na hapo unajaza fomu na kuchunguzwa. Tangu Oktoba 2023 Colorado ina pia siku 3 za kusubiri. Mwenye ukaazi wa kudumu, wakiwemo walioingia kwa bahati nasibu ya viza, anaruhusiwa kama raia kwa upande huu. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida amezuiwa, isipokuwa awe ndani ya masharti maalumu kama vile leseni halali ya uwindaji. Sharps ya kizamani zaidi, ile ya risasi ya karatasi na fataki ya nje, nakala yake ina hukumu tofauti katika sheria ya taifa, lakini majimbo yana yake. Na anayewaza kuipeleka Dar es Salaam au Mombasa baadaye ajue kwamba anahitaji kibali cha kutoa Marekani na kibali cha kuingiza kule, kabla ya kukata tiketi.

Muda wa kungojea ulitumika vizuri. Fomu ya pili ilipokubaliwa na arubuni kutumwa, mnunuzi hakukaa bure. Alinunua kalibu ya kumwagia risasi, akajifunza kuchanganya madini ya risasi na bati kwa uwiano wa 20 kwa 1, akatengeneza mafuta ya nta ya nyuki na shahamu. Alizipima risasi moja moja kwenye mizani ndogo na kuziyeyusha tena zilizopungua, kwa sababu kombora lenye upungufu wa greni moja au mbili mara nyingi lina tundu la hewa ndani yake, na tundu hilo halikai katikati. Kilengeo cha nyuma alikiagiza mapema kutoka kwa mtengenezaji mwingine, mashimo ya skrubu yakitobolewa na karakana yenyewe. Wengi husahau bajeti hii. Vilengeo bora vya aina hiyo, pamoja na cha mbele chenye pima maji ndogo ya kuonyesha kama umeinamisha bunduki, huuma mfuko kiasi cha kumfanya mtu ajutie mbao za mapambo.

Pua ya bati nilitaka aiache. Haina kazi yoyote kwenye shabaha na inaongeza gharama. Alikataa, na nadhani alikuwa na haki: mtu aliyekubali kuacha filamu nzima kwa ajili ya mita 500 anastahili kubakiza kitu kimoja cha kufurahisha macho yake.

Bunduki ilipofika, kwenye meza ya kupimia uzito ilipita na nafasi ikabaki. Nguruwe na bata mzinga aliwaelewa mapema, na kondoo dume anaanguka mara nyingi kuliko anavyosimama. Kuku ndio wanaomsumbua bado, na kwa kuku hakuna kisanduku kwenye fomu ya oda. Jioni akiegesha lori hufanya mazoezi ya kusimama na fimbo ya uzito unaokaribia ule wa bunduki.